Komeo la Mlango wa Mwita

Marahaba. Najua hamjanisalimia bado, nyinyi manesi na maafisa ustawi wapya mnaoshushwa Tarime na Mugumu kila mwaka na masanduku yenu ya magurudumu, lakini nimewaitikia mapema ili tusipoteze muda. Mimi nimestaafu. Muda wangu sasa ni wa kuku na migomba, na hata huo nauonea uchungu.

Nilikuwa muuguzi wa afya ya akili. Nilianzia Serengeti nikamalizia Tarime, nikizunguka kwa bodaboda kati ya Nyamongo na Itiryo, mkoba mgongoni na mwavuli kwapani. Jina langu ni Atupele, Mnyakyusa wa Tukuyu, ila huku ukimuulizia Atupele utaambiwa hayupo. Niliitwa Mama Sindano. Watoto wakiniona walikimbilia migombani, na mama zao wakanitumia kuwatishia wasiotaka kula. Mtu umesoma, umekula kiapo, unaishia kuwa zimwi la jikoni!

Jina hilo nililichukia, maana sindano ilikuwa sehemu ndogo sana ya kazi yangu. Juzi nimekwenda kupima presha kwenye zahanati ambayo siitaji, nikamsikia kijana mmoja wa koti jeupe akimwambia mama wa watu, "Mlete tumchome, atatulia." Hakuuliza mgonjwa ana nini. Hakuuliza hata jina lake. Nilitamani nimchome yeye. Ni kwa hasira hiyo nimeketi kuwaandikia habari za Mwita wa Itiryo.

Mwita aliletwa kwangu mshikaki juu ya bodaboda, dereva mbele, baba yake nyuma, yeye katikati, mikono imefungwa kamba ya katani. Ilikuwa Desemba, msimu wa tohara. Kama hamjauona mtauona: barabara inajaa watu, filimbi na pembe zinalia, nyuso zimepakwa unga, na vijana waliotoka kutahiriwa wanatembezwa katikati ya umati wakiwa wamefunikwa vitenge mabegani. Dereva mwenye akili anazima injini na kusubiri wapite. Mwita alikuwa amejiingiza kwenye msafara wa namna hiyo, watu wakamfukuza, akampiga mvulana mmoja fimbo ya kichwa. Mvulana alishonwa, akapona. Lakini majirani walikuwa wamechoka, kwa sababu kila msimu Mwita alifanya vurugu hiyo hiyo.

Alikuwa mwanamume mzima, mrefu kuliko baba yake, kidevu kimejaa ndevu, miguuni gambuti nyeusi ambazo hakuvua masika wala kiangazi. Maneno yake yalikuwa machache, na kila moja alilitoa kwa shida. Baba yake, Mzee Gesabo, naye hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwa hiari yake mwenyewe.

"Sista, mchome sindano ya kumtuliza."

"Anaumwa nini?"

"Si umeambiwa amepiga mtu?"

"Hata wewe unaweza kupiga mtu, mzee wangu. Nikuchome?"

Alinikazia macho, nikajua nimevuka mpaka. Akasema taratibu, "Kama sindano huna, sema. Nyumbani nina mnyororo wa plau. Nitamfunga kwenye nguzo ya ghala na sitakusumbua tena."

Hakuwa ananitishia. Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho ataezeka paa. Tayari kila usiku Mwita alilala kwenye kijistoo ndani ya nyumba ya mama yake, kufuli kwa nje. Kutoka kufuli kwenda mnyororo si mbali, na mimi nimewaona waliofungwa hivyo. Vifundo vya miguu vinachubuka mpaka unaona mfupa, na baada ya muda hata ukiwafungua hawaendi popote. Nilimtazama Mwita, ananionyesha gambuti zake kwa furaha, roho ikaniuma kweli kweli.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mwita hakuwa mgonjwa. Mama yake aliteseka sana na uchungu wa kumzaa, na yeye alichelewa kukaa, kutembea na kusema. Akili yake ilijifunza polepole na itaendelea kujifunza polepole. Huo ni ulemavu wa akili, na hauna sindano. Ugonjwa wa akili ni kitu kingine. Nilikuwa na mchimbaji mmoja wa dhahabu pale Nyakunguru, kijana wa kutoka Kahama, mjanja kuliko tajiri wake. Siku moja alianza kusikia watu wanamtukana kutoka ndani ya shimo wakati wenzake wote wako juu wanakula. Huyo dawa ilimfaa, akarudi kazini, na mpaka leo ananitumia salamu. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana mnachunguza kabla ya kufungua kabati la dawa. Lakini kumchoma Mwita dawa za yule mchimbaji kungekuwa mnyororo tu, tena usioonekana.

Nikamwambia Mzee Gesabo anipe muda, niwe nakuja nyumbani kwake. Akafikiri, akanipa mkono.

"Njoo. Lakini akipiga mtu mwingine, Sista, mnyororo."

Wakurya nawapendea hilo, neno likitoka limetoka. Tatizo ni kwamba na la mnyororo nalo lilikuwa limetoka.

Kwenda nyumbani kwa watu nilifundishwa na muuguzi mmoja wa zamani wa Mugumu, Sista Veneranda, mwanamke mkali mpaka mbwa walimpisha. Alikuwa akiniambia, "Usiingie kwa mtu na maswali. Ingia na mikono." Kwa hiyo pale Itiryo nilipukuchua mahindi na Bhoke, mama yake Mwita, nikachambua mboga, nikashika ndama wakati Mwita anawafunga. Huku mkono unafanya kazi, macho yanaona. Niliona Mwita anachota maji bila kukumbushwa. Niliona anawajua ndama na ndama wanamjua. Niliona pia kwamba hanywi uji wa mama yake. Kumbe Bhoke aliwahi kumwekea humo vidonge vya usingizi vya dukani, uji ukawa mchungu, na tangu siku hiyo kijana akaukataa kabisa. Msiwafiche watu dawa kwenye chakula, jamani. Mtakosa dawa na chakula pia.

Jambo la pili la Sista Veneranda lilikuwa hili: uliza swali moja fupi, halafu funga mdomo. Jibu la mtu kama Mwita linakuja kwa miguu. Ukiuliza la pili kabla halijafika, linageuza njia kurudi lilikotoka. Mimi ni mwongeaji, ninyi mnaonijua mnajua, kwa hiyo kungoja kulinitesa kuliko vilima vyote vya Itiryo. Nilikuwa naangalia sisimizi ili nisiseme.

Miezi ikapita, Mwita hajamgusa mtu. Nikamuuliza Bhoke, kwa nini basi bado anafungiwa?

"Sista, mwanamume mwenye ndevu analala kwa mama yake, unafikiri ni jambo la kuonekana? Na usiku anataka kutoka."

Nikaona ufumbuzi uko wazi. Vijana wote wa pale kila mmoja ana kibanda chake uani. Basi Mwita naye ajengewe! Nilimsumbua afisa ustawi mpaka akaomba mabati kwa mfanyabiashara mmoja, tukayapeleka Itiryo kwa guta la mizigo, nimekaa juu yake kama bibi harusi. Mzee Gesabo akatushukuru, akatuchinjia kuku. Nilipokuja safari iliyofuata mabati yalikuwa juu ya banda la kuku. Kuku wa mzee yule walikuwa na paa zuri kuliko nyumba ya mganga wetu mfawidhi.

Nilichemka. Mtu zizi limejaa ng'ombe, anamnyima mwanawe kibanda! Nikamwambia Mzee Gesabo maneno ambayo siwezi kuyaandika mbele yenu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Karibu chai." Basi. Nikanywa ile chai kwa kisirani mpaka nikaungua ulimi.

Desemba ikakaribia tena. Huko vijijini filimbi zikaanza kusikika, vijana wanajizoeza. Na Mwita akaanza kubadilika. Halali, anazunguka ua, anaokota fimbo anaitupa, anaiokota tena. Mzee Gesabo akautoa mnyororo ghalani, akauning'iniza ukutani. Ningekuwa na uoga wa kuonekana mjinga, ningemwandikia dawa yoyote ile ili nionekane nimefanya kitu. Badala yake nikakumbuka kwamba kwa muda wote huo tulikuwa tumejadili tutamfanya nini Mwita, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Nikakaa naye kwenye gogo.

"Mwita, unataka nini?"

Nikafunga mdomo. Nikaangalia sisimizi. Bhoke akataka kumjibia, nikamkanyaga mguu. Mwita akainuka, akaingia nyumbani kwa mama yake, akatoka na kitenge. Akajifunika mabegani, akanyoosha shingo, akaanza kutembea uani polepole, gambuti zinagonga chini, macho mbele, kama wale vijana wanaotembezwa barabarani. Alipofika mbele yangu akasimama.

"Na mimi," akasema.

Bhoke akaangua kilio. Ndipo aliponieleza. "Wenzake wa rika walipokwenda kutahiriwa, baba yake alimficha. Aliogopa atalia, na kulia pale ni aibu ya nyumba nzima. Tangu hapo kila msimu anawafuata, wanamfukuza."

"Na kibanda?"

"Sista, kwetu asiyetahiriwa ni mtoto, hata aote mvi. Mtoto hajengewi nyumba. Mzee angemjengea vipi?"

Nilishika kichwa. Kwetu Tukuyu mambo ya jando hatukuwa nayo, kwa hiyo niliona ndevu nikadhani nimeona mwanamume. Kila mtu Itiryo, hadi wale kuku chini ya mabati yangu, alijua kwamba Mwita hana kibanda kwa sababu hajahesabiwa. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nadai paa.

Kabla sijaendelea, msinielewe vibaya. Ninayoisema hapa ni tohara ya wavulana hospitalini tu. Kukeketa wasichana ni ukatili na ni kosa la jinai, na msimu huo huo nilikuwa nahangaika kuwatafutia mabinti pa kukimbilia. Mila hazibebwi zote kwa pamoja kama mzigo wa kuni. Unafungua mzigo, unatazama kijiti kimoja kimoja.

Nikamfuata Mzee Gesabo zizini.

"Kumbe Mwita hajatahiriwa."

"Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe."

Akampapasa ng'ombe shingoni. "Na akilia?"

"Hospitali wana ganzi siku hizi."

"Na akilia hata hivyo?"

"Akilia, mzee wangu, mimi nitalia kwa nguvu kuliko yeye. Watasema Mama Sindano naye kapata wazimu."

Akacheka! Nilikuwa siyajui meno yake mpaka siku hiyo. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, ataelewa anafanyiwa nini?"

Kati ya maswali yote niliyoulizwa katika kazi, hilo ndilo lililonifanya nimheshimu mzee huyo. Nikamjibu kwamba hatutafanya lolote mpaka aelewe, na akisema hapana ni hapana, hata kama ng'ombe ameshachinjwa. Akaenda kuzungumza na wazee wa mila. Aliporudi akasema tu, "Wamesema mtoto ni wangu, niamue mwenyewe."

Kumwandaa Mwita kulichukua muda, na hapa ndipo penye ufundi wenyewe, vijana. Jambo kubwa unalikata vipande. Siku moja tulikwenda kuona geti la kituo cha afya tukarudi. Siku nyingine tukakaa kwenye benchi. Siku nyingine tukaingia chumbani, Wambura, muuguzi wa tohara, akampa glovu aipulize iwe puto. Tukamchorea, tukamwonyesha ni wapi patakatwa. Tukamwambia kweli, kwamba kutauma baadaye na damu itatoka kidogo. Siku moja alisema, "Hapana," tukala maandazi tukarudi nyumbani, wala hakuna aliyenuna. Mzee Gesabo alinuna kidogo. Baadaye Mwita akasema ndiyo. Nilimuuliza mimi, mama yake akamuuliza siku nyingine, Wambura naye akamuuliza bila sisi kuwepo, jibu likawa lile lile.

Siku yenyewe ikatokea kikwazo ambacho hakuna aliyekiandaa. Mwita alikataa kuvua gambuti.

"Sista," Wambura akasema, "ndani ya chumba changu? Na matope haya?"

"Wambura, wewe unafanya kazi miguuni?"

Tukaziosha kwa dawa, tukazivalisha mifuko ya nailoni, mwanamume akapanda kitandani na gambuti zake. Nilimshika mkono. Sindano ya ganzi ilipoingia alikunja uso, akanitazama mimi, Mama Sindano mwenyewe, kwa jicho la lawama ambalo sijalisahau. Hakulia. Alitazama dari mpaka Wambura alipomaliza, kisha akauliza, "Tayari?"

Kwa kweli hofu yangu ilikuwa ya nje. Kijana anayetoka pale anapokewa na watu. Nilikuwa nawaza, tukitoka barabara iko tupu? Wakimcheka? Akishika fimbo tena?

Tulipofungua mlango, Mzee Gesabo alikuwa amesimama getini na koti lake la suti, lile la kanisani, fimbo mkononi. Bhoke akamfunika mwanawe kitenge, kile kile cha siku ya gogo. Mzee akageuka, akatangulia mbele bila kuangalia kama kuna anayemfuata. Wakaanza kutembea wenyewe, wazazi na mtoto wao, polepole, kwa hatua za mtu mwenye kidonda. Watu walisimama pembeni wakitazama tu. Nikasikia Bhoke anapiga kigelegele, peke yake. Halafu mwanamke mmoja kwenye genge la nyanya akamwitikia. Halafu wengine. Halafu filimbi. Tulipofika kwenye kona ya kwenda kwao tulikuwa umati, na bodaboda zimezima injini.

Aliyelia siku ile ni mimi, kama nilivyoahidi. Nilijificha chini ya mwavuli na jua lote lile.

Msidhani Mwita aligeuka mtu mwingine. Maneno yake ni machache vile vile, na mwaka uliofuata alimsukuma mchuuzi wa mbuzi akaanguka kwenye tope, ikabidi nije kuongea. Bado anahitaji kukumbushwa kuoga. Mtakaochukua faili lake mtafanya kazi, si kusimuliwa tu. Lakini mnyororo ulirudi kwenye plau, na misimu ya tohara ikija, Mwita anakaa pembeni ya barabara na watu wazima wenzake, anatazama vijana wakipita.

Na mabati yaliteremshwa. Kuku wakarudishiwa nyasi zao, Mwita akajengewa kibanda uani. Fundi, kwa mazoea ya nyumba ile, alikuja na komeo akaanza kulipigilia kwa nje. Mwita akamshika mkono. "Hapana." Akaligonga kwa kidole upande wa ndani. Fundi akamtazama Mzee Gesabo, na mzee akasema, "Mwenye nyumba si amekwambia?"

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kuaga. Mzee Gesabo akanisindikiza mpaka kibandani. Nikabisha hodi.

Nikabisha tena.

"Mwita, ni mimi, Sista."

Kisha sauti kutoka ndani, bila haraka yoyote: "Ngoja."

Mzee akaona aibu, mgeni wa serikali anasimamishwa juani. Akanyoosha mkono kuusukuma mlango, nikauona mkono wake unafika kwenye ubao, na unabaki pale. Akaushusha. Akasogeza mdomo karibu na mlango, akamwita mwanawe kwa jina ambalo huku hupewa vijana waliokwisha kutahiriwa, na ambalo miaka yote sikuwa nimemsikia akimwita.

"Mura, kuna mgeni."

"Nimesema ngoja," Mwita akajibu. "Navaa gambuti."

Basi tukangoja.